Chupa ya Kuongeza Damu

Muhidini alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, anakoroga risasi iliyoyeyuka ndani ya kopo la rangi. Inspekta Leonia alipouona ule weupe wa fedha ukitikisika koponi, alitimua mbio kumfuata.

"Zima huo moto!" alipaza sauti. "Ondokeni hapo! Wote!"

Hakusalimia. Tangu ahamishiwe Mafia kutoka Bukoba hakuwahi kuingia mahali pa watu bila salamu, maana alikwisha kujifunza kwamba huku asiyesalimia hujibiwa kwa mgongo. Leo salamu hata hakuikumbuka. Wavuvi wa dago la Shungimbili, kambi yao ya muda kwenye kisiwa kitupu cha mchanga, hawakuzoea kuamrishwa na mwanamke aliyevaa viatu vya ngozi mchangani. Waliinuka taratibu, wakajikung'uta, wakasogea upande wa vyombo vyao. Muhidini peke yake alibaki, kijiti mkononi.

"Kwani kuna nini, mama? Mimi natengeneza chubwi, vizito vya kuzamishia mishipi. Chubwi nazo siku hizi ni bangi?"

"Hiyo risasi umeitoa wapi?"

"Risasi ni risasi."

Nyuma ya Leonia, Dakta Obed alikuwa ameshapiga magoti, anafungua sanduku la njano alilolipakata njia nzima kutoka Kilindoni. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti wa damu uliokuwa ukifanyika Kilindoni, na ndiye aliyekuja kituoni Jumatatu asubuhi, shati limelowa jasho, kusema kabati lake limevunjwa. Alitoa kipimo chake, kitu kisichozidi ukubwa wa redio ya mkono, akakiwasha. Kikalia: tak. Kikanyamaza. Tak.

"Dakta," alisema Koplo Taufiki, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na mkoba wa Inspekta, "hicho si ulituambia ni cha kutafutia madini?"

Obed alimtazama Leonia. Leonia alitazama mchanga. Amri ilitoka juu: neno lisitoke, watu wasije wakapagawa. Kwa hiyo tangu Jumatatu walikuwa wakisema tu kwamba vifaa vya maabara vimeibiwa, na hata Taufiki, kijana wa Chole aliyemwongoza nyumba kwa nyumba Kilindoni nzima na kubaki barabarani Dakta alipokuwa akipima, hakuambiwa zaidi ya hapo. Lakini sasa moshi ulikuwa ukiwapitia watu puani, na Leonia hakuweza tena kuwadanganya huku akiwatazama wakiuvuta.

"Waambie," alisema.

Obed aliwageukia wavuvi. "Kuna chuma kimeibiwa. Si chuma cha msumari. Ni chuma cha maji, kimo kwenye kichupa kidogo kama cha chanjo, na kinatoa mionzi. Tunampa mtu tone moja. Kinaingia kwenye damu, kinakwenda kwenye uboho wa mifupa, mle damu mpya inamotengenezwa, na baada ya siku kadhaa kinatoka ndani ya chembe mpya nyekundu. Sisi tunakifuata kwa kipimo hiki, kiunoni na kwenye damu yenyewe, ndipo tunajua mwili wa mtu unatengeneza damu kwa kasi gani. Hapa Mafia kuna wanawake wamemeza vidonge miaka na damu haipandi. Tulitaka kujua kwa nini."

"Na mtu akinywa kichupa kizima?" aliuliza Muhidini.

"Kichupa kizima ni cha watu wengi." Obed alielekeza kidole kwenye kopo. "Kilikuwa ndani ya chungu kizito cha risasi, kwa sababu risasi inazuia mionzi. Tumesikia wewe una chungu hicho."

Kijiti kilimponyoka Muhidini. Alijitazama viganja, akavipangusa kwenye kikoi, akavitazama tena. "Lahaula," alisema polepole. "Na mimi nimekula ubwabwa kwa mikono hii."

Obed alimpitishia kipimo mikononi, kifuani, mdomoni. Akakipitisha juu ya kopo, juu ya majivu, juu ya chubwi zilizokuwa zikipoa mchangani. Tak. Kimya kirefu. Tak. Leonia aligundua kwamba kila kilipolia alikuwa akikunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

"Hiyo ni sauti ya kawaida," alisema Obed. "Hata mchanga mtupu unaitoa. Risasi ni safi na yeye ni safi. Kichupa hakikufika hapa."

Nafuu haikuja, maana kama kichupa hakikufika hapa, basi kiko kwa mtu.

Leonia alichutama mbele ya Muhidini, safari hii kwa adabu. "Nisamehe, kaka. Niliogopa. Hebu niambie, chungu ulikipata wapi?"

"Utende. Nilikwenda kwa dada yangu, nikaswali Ijumaa hukohuko, nikateremka pwani. Maji yametoka mpaka kule, maji makuu ya bamvua la mwezi mwandamo. Nikakiona chini ya mkoko, kitupu, kifuniko pembeni. Nikasema Mungu kanitupia riziki."

"Ijumaa gani?"

"Ijumaa si ni hii iliyopita? Bamvua lilikuwa hilo. Leo tazama mwenyewe, maji mafu, hayajai wala hayatoki sana, ndiyo maana tumekaa tunatengeneza zana." Alivuta mshipi uliokuwa umetundikwa kwenye ngalawa yake. "Hizi ni za kwanza nilizomimina. Nimezivulia bamvua lote. Angalia zilivyofubaa."

Chubwi zilikuwa zimeota weupe wa chumvi na moja ilikuwa na alama za meno ya samaki. Muhidini hakuwa akisema uongo, au kama alikuwa akisema uongo basi samaki naye alikula njama.

Leonia alisimama. Kabati lilivunjwa Jumapili usiku. Chungu kilikuwa kitupu chini ya mkoko Ijumaa.

Aliomba mkoba wake, akageuka na kukuta umewekwa chini na Taufiki hayupo. Akaufungua mwenyewe na kutoa kufuli la kabati lililokatwa kwa msumeno. Tangu Jumatatu lilikuwa likimkera bila kujua kwa nini. Sasa aliligeuza juani, akalishika jinsi lilivyokuwa likining'inia pale kabatini, na akaona. Palipokatwa ni upande unaoegemea ukuta, ambako likiwa limefungwa hapaingii hata wembe. Mwizi alifungua kwanza kwa ufunguo, akalitoa, kisha akalikata kwa raha zake.

Funguo zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa shingoni mwa Dakta Obed. Mwingine ulikuwa kituoni kwa zamu ya ulinzi, na kituo hakina desturi ya kujishuku.

Leonia aliinua macho akamtazama Obed, na baridi ikampanda kutoka kwenye visigino. Alikuwa kwenye kipande cha mchanga katikati ya bahari na mtu ambaye tangu Jumatatu ndiye peke yake aliyekuwa akisema hapa ni salama, pale ni salama. Kipimo kilikuwa mkononi mwake. Kama angetaka kiseme uongo, nani angejua?

"Nipe hicho kipimo, Dakta."

"Nikupe?"

"Nipe. Na unyooshe mikono."

Obed alikitoa. Leonia alikipokea. Alimpima viganja, mifuko, viatu, nywele. Tak. Kimya. Akakipeleka kwenye sanduku la njano ambamo Obed alikuwa na kichupa kidogo cha kujaribia. Kikalia mfululizo mpaka akashtuka. Basi kipimo kilikuwa kizima.

"Unanishuku mimi?" Obed aliuliza kwa sauti ndogo.

"Namshuku kila mwenye ufunguo," alisema Leonia, na alipokwisha kusema hivyo akageuka kumtafuta Taufiki.

Koplo alikuwa mwisho wa fungu la mchanga, maji yamemfika vifundoni, ameinua simu juu kama anayemwonyesha Mungu. Akaishusha, akabonyeza, akaiinua tena. Shungimbili hapakuwa na mtandao. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Leonia hivyo asubuhi, akicheka: "Kule, afande, hata mke wangu akinikosa hana la kufanya."

Leonia alianza kumfuata. Alikuwa amesahau kuzima kipimo. Tak. Tak. Alipobakiza hatua chache, tak-tak. Akadhani amekibana vibaya, akakihamishia mkono wa kushoto. Tak-tak-tak. Taufiki aligeuka, na Leonia aliuona uso wake. Kipimo kilipofika kwenye mfuko wa shati lake la kazi kilipiga kelele moja ndefu isiyo na nafasi.

Methali ipo, na kila Mswahili anaijua. Leonia hakuwa na moyo wa kuitamka.

"Afande," alisema Taufiki, "ikiwa mtu ameinywa na ana mimba?"

"Taufiki."

"Nijibu kwanza, afande. Unifunge baadaye. Nijibu."

Mwenye jibu alikuwa Dakta. Alimvuta mkono wakarudi mbio, na kijana alizungumza njia nzima bila kuulizwa, maneno yakigongana. Mtoto wao wa kwanza alizikwa mwaka juzi. Mkewe, Shamsa, alipoteza damu katika uzazi ule, na hospitalini siku hiyo hapakuwa na damu ya kumwongezea. Sasa ana mimba ya miezi saba, na kliniki wakasema damu iko chini tena. Yeye Taufiki alikuwa zamu kwenye kabati la utafiti. Alimsikia Dakta kwa masikio yake akiwaambia wanawake kwamba chuma hiki ndicho kinachoingia kwenye damu mpya.

"Nikaona anawapa tone moja moja. Nikasema huu ni uchoyo. Dawa ipo chupa nzima na watu wanapewa tone!"

"Paliandikwa hatari."

"Kila cha thamani kinaandikwa hatari, afande, ili sisi tusiguse. Hata mlango wa kontena la magodoro umeandikwa hatari." Alikuwa akilia sasa bila kujificha. "Chungu kilikuwa kizito, nikakiacha Utende mikokoni. Nikaimimina kwenye chupa yenye asali, nikaichanganya, ili ile alama isimtishe. Kidogo kikanidondokea hapa mfukoni. Nimelifua shati mara mbili. Jumapili nikakata kufuli, kwa sababu Jumatatu Dakta angefungua. Nilimwambia Shamsa kijiko kimoja, alfajiri, kabla ya kula kitu."

"Kila siku?" aliuliza Obed, ambaye alikuwa amesikia.

"Kila siku."

Obed alifunga sanduku akakimbilia boti.

Boti iliondoka mara moja. Leonia alimvua Taufiki shati, likafungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kutupwa mbele kabisa, mbali na watu. Tangu Jumatatu alikuwa amekaa naye bega kwa bega kwenye gari, kwenye pikipiki, kwenye mabenchi ya watu. Aliwaza hilo kidogo, akaona aibu kuliwaza.

"Sema ukweli, Dakta. Nataka nijue ninakwenda kukuta nini."

Obed alizungumza akitazama injini. "Mwenye upungufu wa damu huvuta chuma kingi kuliko mtu mwenye afya. Mja mzito huvuta kingi zaidi. Na chuma cha mama, mtoto ndiye anayekichukua kwanza. Mama anaweza kukosa, mtoto akapata."

"Yaani?"

"Yaani anayekunywa ni mtoto."

Taufiki alisikia. Alijikunyata chini ya boti, kichwa magotini, akaanza kusoma dua kwa sauti ya kunong'ona, na nahodha aliyekuwa akimtania asubuhi kwamba mwana wa Chole anaogopa mawimbi aliongeza mwendo bila kuambiwa. Walipoanza kuiona minara ya Kilindoni simu ilishika mtandao. Leonia alimpigia Shamsa yeye mwenyewe. Namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Alipiga njia nzima ya gari mpaka Utende, na kila mara yule mwanamke wa mtandao alimjibu kwa upole uleule mpaka akatamani kumtukana.

Walipovuka kwa mashua kwenda kisiwa cha Chole jua lilikuwa bado kali. Nyumba ilikuwa juu kidogo ya pwani, uani pamefagiliwa, kamba za mwani zimekunjwa pembeni zikisubiri bamvua lijalo. Shamsa alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, tumbo limemtangulia. Alipomwona mumewe kifua wazi kati ya Inspekta na mtu wa sanduku la njano, ungo ulimponyoka.

"Taufiki! Una nini?"

"Hodi," alisema Leonia, maana hata hofu ina mipaka yake. "Simu yako, dada…"

"Iko chaji, kwa jirani. Kuna nini?"

"Usiinuke, tafadhali. Mwache dakta akupime."

Obed alipiga magoti nyuma yake, akakiweka kipimo kiunoni, juu ya mfupa, mahali uboho unapofanya kazi yake.

Tak.

Walisubiri.

Tak.

Obed alikunja uso. Akakihamisha kifuani, upande wa ini, kisha akaomba radhi na kukiweka juu ya tumbo. Tak. Kimya. Tak. Sauti ileile ya mchanga mtupu wa Shungimbili.

"Hamna kitu," alisema. Akarudia upya kuanzia kiunoni, kama asiyejiamini. "Inspekta, hamna kitu. Hakunywa."

Taufiki aliketi palepale mavumbini. Leonia alimgeukia Shamsa.

"Chupa iko wapi, Shamsa? Ile ya asali aliyoleta mumeo?"

"Ile dawa? Anayo mama. Kila siku namwomba, ananiambia bado."

"Bado nini?"

"Bado sijamaliza kuionja," ilijibu sauti kutoka ndani.

Bi Mwanasiti, mama yake Taufiki, alitokea mlangoni akifunga upya leso yake, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyochanika kwa kamba za mwani. Mkononi alikuwa na chupa ya asali, iliyobaki nusu.

"Shikamoo, mama," alisema Leonia.

"Marahaba. Mbona mmetuvamia hivi? Mkwe wangu hanywi dawa nisiyoijua. Kwetu dawa ya mja mzito huonjwa kwanza na aliyemzaa mume. Safari ile niliwaachia wenyewe na hospitali zao, nikazika mjukuu. Safari hii nikasema, nitaionja mimi, kijiko kila alfajiri, mpaka Ijumaa ya pili. Ikiwa mbaya itaanza na mimi." Aliitikisa chupa. "Haikunifanya kitu. Kesho ndiyo Ijumaa. Kesho nilikuwa nimpe cha kwanza."

Alipoteremka kidato cha mlango, kipimo kilianza.

Obed aliinuka, akampa Leonia kipimo, akaichukua ile chupa kwa mikono miwili, akaipeleka mbali, kwenye lile sanduku la njano lenye kuta za risasi aliloliacha karibu na njia, akafunga. Kisha alirudi. Kipimo kilikuwa bado mkononi mwa Leonia, na kilikuwa bado kinalia. Obed alikichukua, akazunguka nyuma ya Bi Mwanasiti, akakisogeza kiunoni mwake. Kelele zikaungana.

"Ni nini hicho?" aliuliza mama.

"Ni uboho wako, mama," alisema Obed. Alikuwa amelowa jasho kama Jumatatu ile. "Unatengeneza damu mpya, na hicho ulichokunywa kimo humo."

"Kitaniua?"

"Sidhani. Lakini siwezi kukuahidi. Leo hii twende Kilindoni, na kesho Dar es Salaam, wakupime vizuri. Kitakaa nawe miezi."

"Na huyu?" Alielekeza kidevu kwenye tumbo la Shamsa.

"Huyu ni mzima. Hana hata tone."

Bi Mwanasiti alivuta pumzi ndefu, akaitoa. Taufiki alikuwa amejikokota mpaka miguuni pake na kushika pindo la leso yake. Mama alimwekea mkono kichwani bila kumtazama. Aliyekuwa akimtazama ni Leonia.

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mlijua lini kwamba kitu hiki kiko mikononi mwa watu?"

Leonia alifikiria ile amri ya kutoka juu. Alifikiria jinsi alivyokaa bega kwa bega na Taufiki siku hizi zote, na kwamba neno moja tu lingetosha. Kijana angekimbia kwa miguu mpaka Utende.

"Jumatatu," alisema.

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo, mama."

Bi Mwanasiti alitikisa kichwa polepole. "Basi vijiko vya mwanzo ni vya mwanangu, na atavijibu. Vya kuanzia Jumanne ni vyako."

Aliingia ndani kuchukua buibui. Alipotoka alimwinua mwanawe, akamshika mkono kwa ajili ya utelezi wa pwani, wakatangulia kushuka kwenda mashuani. Pingu zilikuwa mfukoni mwa Leonia, na hakuzitoa.